Laiti ya Singa Tano

Mwezi huo laiti iliyokuwa ikitamba mjini, yaani historia ya muziki ambayo haikutokea, ilikuwa ya harimuni. Ingekuwaje kama gitaa la umeme lisingebuniwa kabisa, na vijana wote wenye hasira duniani wakaangukia kinanda cha kuvuta upepo kwa mkono? Mashine ya laiti ilijibu kwa albamu mia tatu na kumi. Kulikuwa na jamaa mmoja mule ndani, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa popote, nywele hadi kiunoni, anakoroma juu ya harimuni yake kama aliyemeza mwiba wa samaki. Watu walimpenda, wakavaa fulana zenye sura yake. Asubuhi hiyo, mbele ya jengo la Kampuni ya Laiti pale Tanga, ilisimama foleni ya watu wazima wakisubiri kusaini kitabu cha rambirambi, maana katika historia yake hiyo ya mashine jamaa alifariki mwaka 1981.

"Wanamlilia mtu asiyekuwa na mama," Hiza alijisemea akiipita foleni. Halafu akapanda ghorofani kazini, kwa sababu yeye ni mmoja wa waliomtengeneza.

Hiza Shemweta alikuwa na miaka ishirini na sita, cheo chake mvishaji daraja la pili. Mvishaji ndiye anayemvisha mtu kofia. Mashine, kwa akili zake zote, haiwezi kuanza na hewa tupu. Inataka mbegu, sauti moja ya kweli iliyowahi kutokea duniani. Ukishaipa mbegu, unaiandikia pa kugeuzia, yaani jambo moja tu katika historia ambalo unataka liende vingine. Baada ya hapo inaotesha miaka iliyobaki yenyewe: bendi, ugomvi wa bendi, albamu nzuri, albamu za kutia aibu, misiba. Miaka ya mwanzo kampuni ilitumia sahani za santuri na kanda za zamani. Kila sahani ya rock iliyowahi kupigwa ikageuzwa, ikageuzwa tena, mpaka ikabaki kama nguo iliyofuliwa mno. Ndipo walipoanza kuchimba kwenye vichwa vya wazee.

Mzee wa siku hiyo aliletwa kutoka Muheza na gari la kampuni. Alikuwa ameketi tayari kwenye kiti, miguu haigusi sakafu, khanga mbili, na mkoba mapajani ameushika kama anaabiri treni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema Bi Zahabu Mnkande, akimpima toka juu hadi chini. "Ndiyo wewe wamenichagulia? Mbona mwembamba hivi? Au huko kwa mke mwenzangu hawapiki?"

"Sina mke bibi, nilikuwa nakusubiri wewe."

"Umechelewa. Nina miaka themanini na saba na nyonga moja ya chuma. Haya, nivishe hilo sufuria lako."

Hiza akacheka, ila mkono wake haukwenda kwenye kofia. Kwanza kulikuwa na maneno ambayo sheria ilimtaka ayaseme, na ayaseme kwa lugha ambayo mtu anaielewa.

"Bibi, kumbukumbu ukiiita inalainika. Hivyo ndivyo kichwa kilivyo, hata bila mashine. Ikishalainika, kofia inaisoma. Lakini ikisomwa hairudi tena ilivyokuwa. Panabaki shimo, na mtu mwenye shimo kichwani hupotea mwenyewe taratibu. Kwa hiyo shimo lazima tulijaze hapo hapo. Tunalijaza kwa laiti yenyewe. Utakapoamka, mambo utakayoyakumbuka ni yale ya mashine. Ya kweli hutakuwa nayo tena, na hakuna wa kukurudishia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ndiyo maana nimekuja."

Alisema bila utani, na Hiza akamtazama mara ya pili.

*

Faili lilikuwa jembamba. Singa Tano, bendi ya vijana, shamba moja la mkonge nje ya Muheza, 1972 hadi 1974. Singa ni zile nyuzi za mkonge zikishatoka mashineni, na wao walikuwa watano: Mhando gitaa la solo, Luhizo gitaa la rizimu, Semkiwa besi, Alfani dramu, na Zahabu mwimbaji. Walipiga bugi za Jumapili mchana, dansi zile za vijana wa shule na suruali pana. Waliowaona walisimulia mambo ambayo kampuni iliyasoma ikimeza mate. Mhando aliikata karatasi ya spika kwa wembe ili gitaa lingurume. Besi ya Semkiwa ilifungwa waya za breki za baiskeli, maana nyuzi za dukani zilikuwa hazipatikani. Hawakuwahi kurekodiwa hata wimbo mmoja. Mwisho wa faili palikuwa na mstari wa taarifa ya shamba: ghala la singa liliungua, wapigaji wanne walifariki, chanzo ni bangi.

Mstari huo Hiza hakuuhitaji kwenye faili. Alikulia Muheza. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alinunua gitaa bovu kwa mpiga gitaa wa kwaya, akalificha chini ya kitanda siku mbili. Siku ya tatu baba yake alilivunja gotini, vipande viwili, akamuuliza: "Unataka kufa kibangi kama wale wa ghalani?" Hakuwa baba yake peke yake. Muheza nzima ilivunja magitaa hivyo kwa vizazi vitatu. Rock ilipokuwa ikizunguka dunia ikitafuta pa kulala, mji ule ulikuwa umeshafunga madirisha.

"Tunaanza na kupima," Hiza alisema, akimvisha kofia. Ilimkaa vizuri, ilikaa juu ya mvi kama kilemba cha plastiki. "Hapa sichukui kitu bado, naona tu kumbukumbu ilipo. Niambie wimbo wa mwisho uliousikia wakipiga. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa barabarani."

"Sio ndani nao?"

"Nilikuwa nimetoka." Bi Zahabu alifungua mkoba, akaufunga. "Unajua vyombo vilikuwa vya nani?"

"Vya shamba."

"Vya shamba. Sisi tulikuwa na vidole tu. Sasa meneja alikuwa na sheria yake: bendi ikifanya mazoezi, ifungiwe ghalani pamoja na vyombo, kufuli kwa nje, mpaka saa kumi. Asije mtu akatoka na gitaa ndani ya koti. Na ufunguo usikae mlangoni, urudi mkononi kwa karani wa ghala. Karani alikuwa baba yangu. Siku hiyo baba ana homa, amelala, akanipa mimi. Niliimba nao asubuhi mpaka koo likakauka. Nikasema naenda kunywa chai. Nikatoka. Nikafunga. Mhando akapiga kelele toka ndani: 'Zahabu, usije ukalala na ufunguo wetu!' Tukacheka."

Kwenye kioo cha mashine, mahali penye kumbukumbu palikuwa panawaka rangi ya chungwa.

"Wakaanza wimbo. Nilikwenda nao njiani, kila kitu nasikia, ghala lile la mabati lilikuwa na sauti kuliko spika. Nilipofika kwenye mtaro wa maji, magitaa yakanyamaza. Nikadhani umeme umekatika, ulikuwa ukikatika. Dramu zikabaki peke yake. Halafu zikaongeza kasi. Zikaongeza tena. Nikasema, haa, leo Alfani kapania! Nikacheza, mume wangu. Barabarani, peke yangu, na ufunguo mkononi."

Hiza akainua macho kutoka kwenye kioo.

"Halafu?"

"Halafu nikageuka, nikaona moshi. Hazikuwa dramu."

Ndani ya chumba mashine ilikuwa ikivuma taratibu, kama friji ya nyumba ya watu wengine.

"Vumbi la singa linashika moto kama petroli," akasema Bi Zahabu. "Amplifaya ilikuwa inachemka, kila siku ilikuwa inachemka. Niliporudi na ule ufunguo, kufuli lilikuwa la moto halishikiki. Baadaye meneja akaandika bangi. Baba akanishika mkono, akaniambia: ukisema, watanifunga mimi. Nikanyamaza. Akaja kufa kitandani mwake, mwaka themanini na tisa. Mimi nikaendelea kunyamaza, nilikuwa nimeshazoea."

Hiza akanyoosha mkono akazima kioo. Hakuwa na sababu ya kazi ya kufanya hivyo. Alikuwa tu hataki kuiona ile rangi ya chungwa.

*

"Washa kioo," sauti ya Leokadia, bosi wake, ikasema kwenye kidude cha sikioni mwa Hiza. "Hiza, hapa watu wamesimama. Ile kasi inayopanda kwenye kipimo! Hakuna mpiga dramu aliyewahi kupiga vile."

Hiza akatoka hadi koridoni, akafunga mlango, halafu akaona alichofanya, akaufungua tena, akauacha wazi.

"Bosi, hao ni watu wanne wanagonga mlango."

"Nimesikia."

"Wanagonga ili watolewe."

"Nimesikia, Hiza, nina masikio. Mashine haijui hilo, na msikilizaji hatajua. Bibi amekuja kwa miguu yake, amesaini kwa mkono wake. Wewe ndiye wa kumwambia aendelee kuteseka?"

"Ndiye shahidi pekee aliyebaki. Nikimvisha, wale vijana watakuwa wavuta bangi mpaka kiama."

"Watakuwa bendi kubwa kuliko zote duniani mpaka kiama. Chagua wewe lipi linawafaa."

Kulijibu hilo haraka kulihitaji mtu mjinga au mtakatifu, na Hiza, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa kawaida. Akarudi ndani. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Bibi, nina wazo. Niambie tena, mimi niandike. Ukurasa mmoja tu. Majina yao, kufuli, meneja. Halafu nakuvisha, unapumzika. Ukweli unabaki kwenye karatasi."

Bi Zahabu alimtazama kwa huruma, huruma ile ile ambayo bibi humtazamia mjukuu aliyevaa viatu kinyume.

"Ukiandika, karatasi itakwenda wapi?"

"Muheza. Kwa familia zao."

"Watakuja nayo mlangoni kwangu. Watoto wa ndugu zake Semkiwa, wajukuu wa mama Alfani. Watanipigia kelele, na mimi nitakuwa sijui wanachosema. Nitawatazama tu. Utakuwa umeniondolea kosa ukaniachia adhabu. Hiyo ni haki gani?"

Hiza akairudisha kalamu mfukoni.

"Nisikilize, mume wangu. Kila mtu akibisha hodi kwangu, hata muuza maziwa, mabega yangu yanacheza. Kidogo hivi, kabla sijakumbuka. Mwili unadhani ni muziki. Halafu nakumbuka. Kila siku, miaka sitini na tisa. Nilitoa mlango nyumbani, nikaweka pazia. Watu wakapiga ukutani. Sasa niambie, nimebakiwa na miaka mingapi? Miwili? Mitatu? Nataka miwili tu nisikie hodi niseme karibu."

"Na wao?"

"Wao si umesema humo ndani watakuwa watu wakubwa?"

"Ndiyo kazi ya mashine."

"Basi waache wawe. Mimi niliwafungia, wewe wafungulie."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Simu ilikuwa mfukoni mwake, ingeweza kunasa kila neno na hakuna ambaye angejua. Hiza alizifikiria zote mbili, akafikiria gitaa lake likivunjika gotini, akafikiria mabega ya mwanamke wa miaka themanini na saba yakicheza mbele ya muuza maziwa. Akasimama. Akawasha kioo. Pale pa kuandika pa kugeuzia aliandika maneno matatu: Zahabu hakufunga mlango.

Akabonyeza.

*

Kazi ilichukua dakika arobaini. Bi Zahabu alilala na vipokea sauti masikioni, na miaka ikaota.

Katika tawi lile la historia moto ulishika vilevile, ila vijana walikimbia nje wakicheka na kukohoa, Mhando amekumbatia gitaa la shamba. Meneja akawafukuza kazi wote. Wakaenda mjini. Mwaka 1975 mhandisi wa redio aliwarekodi nyimbo nne wakati wa chakula cha mchana, kwa kujiiba. Kanda ikafika Mombasa, ikafika Lusaka, ikapanda meli na baharia, ikashukia Hamburg. Mwaka 1978 vijana wa Ulaya waliokuwa wakitafuta namna mpya ya kupiga kelele waliipata kelele hiyo imeshapigwa na watoto wa mkonge. Wakaanza kukata spika zao kwa wembe. Wakafunga waya za baiskeli kwenye mabesi, mpaka miji mitatu ya Uholanzi ikakosa breki madukani na watu wakatumbukia kwenye mifereji. Gitaa la kistaarabu likafa. Rock haikuwa tena habari ya kijana mmoja mbele ya jukwaa na wenzake nyuma. Ilikuwa watu wanne wanaopiga kitu kimoja kwa nguvu zao zote, na mwanamke anayeimba kwa mbali, kama yuko nje.

Na mdundo ulikuwa kila mahali. Ulianza taratibu, ukapanda, ukapanda, ukakatika ghafla, na kimya chake kilikuwa ndicho kipande ambacho watu walikipenda zaidi. Wakauita muheza. Ukafundishwa shuleni. Mwaka 1986, katika uwanja mmoja wa mpira huko Brazili, watu elfu tisini waliupiga kwa miguu, wakaongeza kasi pamoja, wakanyamaza pamoja, halafu wakalia kwa raha.

Chumba cha pili, nyuma ya dirisha la kioo, mafundi wa midundo walikuwa wakicheza. Leokadia mwenyewe, mwanamke ambaye Hiza hakuwahi kumwona akitikisa hata kichwa, alikuwa anapiga meza kwa viganja vyote viwili. Hiza alisimama katikati yao mikono mfukoni. Alijaribu kuusikia kama wao. Kwa sekunde chache aliweza, mguu wake ukaanza kuitika, na hilo ndilo lililomtoa jasho.

*

Saa saba mchana Bi Zahabu alifungua macho. Mwanga wa dirishani ulimpendeza. Akaugeuzia uso kama mtu aliye likizo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Hiza, bibi. Mvishaji."

"Nipe maji."

Akanywa yote. Akaanza kusema bila kuulizwa, sauti imenyooka, imepoteza ule mkwaruzo wa asubuhi. Alisimulia Hamburg, baridi yake, na Luhizo aliyevaa soksi mikononi. Alisimulia ugomvi wa mwaka 1991 uliovunja bendi, nani alimwambia nani mshamba. Alicheka peke yake. Koridoni mhudumu wa chakula akagonga mlango mara tatu. Hiza akayakazia macho mabega ya bibi. Hayakutikisika.

"Karibu," akasema Bi Zahabu.

Kwa pumzi moja Hiza akaamini kwamba alikuwa amefanya jambo jema. Sinia likawekwa: wali, maharage, kipande cha papai. Bi Zahabu hakuligusa. Alikuwa anatazama mlango, ambao mhudumu alikuwa ameuacha wazi.

"Wenzangu wako wapi?"

"Wenzako?"

"Mhando. Alfani. Si mmeniita kwa habari za bendi? Nilidhani mtatuita wote."

"Usimjibu," Leokadia akasema sikioni, haraka. "Mwambie wapo safarini. Huwa wanauliza siku mbili tatu, halafu wanaacha."

"Tangu tisini na moja," Bi Zahabu aliendelea, "hakuna hata mmoja aliyeniletea salamu. Nilivunjika nyonga, nilizika mume, nilizika mtoto. Niko Muheza pale pale, nyumba yenye pazia mlangoni, kila mtu anaijua. Miaka hamsini na mbili! Nilikosa nini mimi? Kuna jambo nililowafanyia?"

Hiza akaona jinsi ilivyokuwa. Asubuhi mwanamke huyu alikuwa na wavulana wanne waliokufa wakimpenda. Sasa alikuwa na wazee wanne, hai mahali fulani, waliomtupa.

Akachomoa kile kidude cha sikioni, akakiweka kwenye sinia kando ya papai.

"Bibi, hukuwakosea. Hawakukutupa. Walikufa, wote wanne, siku moja, mwaka sabini na nne. Ghala la singa liliungua nao wako ndani. Uliniambia mwenyewe asubuhi. Uliwalilia maisha yako yote."

Kuhusu ufunguo hakusema.

Bi Zahabu alimsikiliza hadi mwisho. Uso ukajikunja taratibu, si kwa huzuni. Akaushika mkoba wake, akashuka kwenye kiti, nyonga ya chuma ikilalamika, akasimama mbele yake akimfika kifuani.

"Wamekutuma, siyo? Wamekutuma uniambie wamekufa, ili nisiwasumbue."

"Bibi, hapana, hakuna aliyenituma."

"Hayo ni maneno ya Mhando kabisa. Alikuwa mwoga hivyo hivyo toka zamani, hawezi kuja mwenyewe." Akajifunga khanga vizuri, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. "Nenda kawaambie nimesikia. Waambie na siku watakapokufa kweli, mimi sitakwenda kuwazika."